Hadithi Isiyongoja Jibu

Desemba iliyopita nilikuwa kibarazani kwa shangazi yangu, Makote, Newala, tukibangua korosho. Kazi hiyo haitaki macho mengi, inataka vidole na uvumilivu. Korosho zilizokwisha kuchomwa zinamwagwa kwenye ungo, unashika moja, unaiweka juu ya jiwe, unaigonga kwa kijiti, ganda linapasuka, na ukiwa na bahati kiini kinatoka kizima. Mafuta ya ganda huunguza ngozi, kwa hiyo mikono tunaipaka majivu. Mwenye mikono ya namna hiyo hawezi kufungua kitabu, wala hawezi kugusa simu. Basi kabla hatujaanza niliwasha riwaya ya kusikiliza, nikaitumbukiza simu ndani ya sufuria tupu ili sauti ikue, tukaanza kazi wanawake wanne.

Msomaji alikuwa na sauti nzuri. Baada ya kama dakika kumi, mhusika mkuu akaanza kufikiria kumrudia mume aliyemtelekeza. "Usirudi, mama," shangazi akasema. Jirani yake akauliza kwa nini asirudi, ilhali watoto ni wa yule bwana. Wakaanza kubishana, na mjadala ulipoisha hadithi ilikuwa imekwenda sura nzima bila sisi.

"Mwambie angoje kidogo," shangazi akaniagiza.

Nikamwonyesha mikono yangu. Akatikisa kichwa, akasema, "Huyu mtu wako anaongea kama abiria dirishani, basi linaondoka. Anasema, hangoji jibu."

Tulicheka. Lakini neno lile lilinifuata mpaka chuoni, ninakosoma shahada ya uzamili ya historia. Mimi ni msikilizaji wa siku nyingi. Nasikiliza nikifua, nikiwa kwenye daladala, nikisubiri zamu maktaba. Nina maoni makali kuhusu wasomaji wa vitabu, kuhusu muziki unaowekwa nyuma ya simulizi, kuhusu waigizaji wanaolia vizuri na wanaolia vibaya. Sikuwahi kujiuliza kama hadithi ya sauti inapaswa kumngoja anayeisikiliza. Nilipoanza kutafuta, niliona kwamba lalamiko la shangazi lina zaidi ya miaka mia moja katika sehemu zetu hizi, na kwamba linaanzia kwenye nta.

*

Katikati ya mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule, mtaalamu wa jumba la makumbusho la Leipzig, alifika Masasi akitokea Lindi. Vita vya Maji Maji vilikuwa havijapoa. Mwaka mmoja tu nyuma, kituo cha misheni ya UMCA cha Masasi kilikuwa kimechomwa moto. Weule alisafiri na wapagazi na askari wa kikoloni, akapita Masasi na Chingulungulu, akapanda uwandani hadi Newala na Mahuta. Katika mizigo yake kulikuwa na kamera, mashine ya kupiga sinema na fonografu.

Fonografu ya wakati ule haikuwa na maikrofoni wala umeme. Sauti iliingia kwa nguvu ya pumzi tu, kupitia mdomo mpana kama wa tarumbeta, ikatikisa sindano, na sindano ikachora mfereji mwembamba kwenye silinda ya nta. Anayeimba ilimbidi asogee karibu kabisa. Aliyekaa mbali alisikika kama mtu aliye ng'ambo ya bonde, kama alisikika. Silinda moja ilijaa kwa dakika mbili au tatu.

Sasa fikiria maana yake kwa nyimbo na hadithi za kwetu. Mmoja huanzisha, wengi huitikia. Hata ile hadithi fupi kabisa ya Kiswahili haianzi mpaka msimuliaji aseme "Paukwa!" na wasikilizaji wajibu "Pakawa!" Wasipojibu, hakuna hadithi. Na wimbo wa ngoma huisha watu wakichoka, hauishi nta ikijaa. Mashine ilimvuta mwanzishaji karibu, ikawasukuma waitikiaji nyuma. Tena tusisahau kwamba mgeni aliyeomba kuimbiwa alikuja na bunduki za askari mwaka mmoja baada ya watu kuona vijiji vikiungua. Kuimba mbele ya mdomo ule kulikuwa ni kujibu kwa namna moja tu: kutii.

Silinda za Weule zilikwenda Ujerumani, na leo zimo katika hifadhi ya sauti ya Berlin, iliyoanzishwa mwaka 1900 na Carl Stumpf. Mwaka 1999 UNESCO iliiingiza hifadhi hiyo katika rejesta ya Kumbukumbu ya Dunia. Hivyo, miongoni mwa sauti za kwanza za Masasi na Newala kuwahi kukamatwa na mashine, zipo zilizotambuliwa kuwa ni mali ya wanadamu wote, na zimetunzwa mahali ambapo mtu wa Makote hafiki bila viza.

Katika kitabu chake cha mwaka 1908 Weule anamtaja Sulila, mwimbaji kipofu wa Masasi. Jina hilo lilinishtua kwa sababu nyingine. Mwaka 1878, mwaka mmoja baada ya kubuni fonografu, Thomas Edison aliorodhesha kazi ambazo mashine yake ingeweza kufanya, na mojawapo ilikuwa kuwasomea vipofu vitabu. Ndoto hiyo ilichelewa. Ni mwaka 1935 tu ambapo Uingereza ilianza kuwaazima wasioona vitabu vilivyorekodiwa kwenye santuri, na miongoni mwa waliokusudiwa walikuwa askari waliopofuka katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Kitabu cha sauti, katika asili yake, ni kitu kilichobuniwa kimfikie kipofu. Kwetu mashine ilianza kwa kwenda kinyume: ilikuja kuchukua nyimbo mahali ambapo mmoja wa mabingwa wake alikuwa kipofu, ikaondoka nazo.

*

Redio ilikuja baadaye, na yenyewe ilikuja kuleta. Kituo kilichoitwa Sauti ya Dar es Salaam kilianza mwaka 1951, kikawa Shirika la Utangazaji la Tanganyika mwaka 1956, na mwaka 1965 serikali ikakichukua kikaitwa Radio Tanzania Dar es Salaam, ile RTD ambayo wazazi wetu wanaitaja kama watu wanavyomtaja ndugu marehemu. Newala redio ilifuata msimu: korosho zikiuzwa vizuri, redio ziliongezeka kijijini. Betri zikichoka zilianikwa juani juu ya bati, zikapata uhai wa jioni moja zaidi.

Kwa sababu betri ni ghali, redio ilisikilizwa na wengi pamoja, na hapo ndipo watu walipoanza kurudisha kile ambacho fonografu ilikiondoa. Redio haisikii, lakini waliokaa kuizunguka wanasikiana. Chukua vichekesho vya Pwagu na Pwaguzi. Wazee wakikueleza leo kilichowachekesha, mara nyingi hawakumbuki kisa chote, wanakumbuka nani aliangua kicheko hadi akaangusha kikombe. Jina lenyewe la mchezo linatoka katika methali, pwagu hupata pwaguzi, yaani mjanja hukutana na mjanja zaidi. Nami naona kuna siri ya kiufundi humo. Wachekeshaji wa redio walipenda kuwa wawili kwa sababu mmoja anafanya kazi ya hadhira: anashangaa, anapinga, anaguna. Muitikiaji amewekwa ndani ya mchezo.

Serikali nayo iligundua nguvu ya watu kusikiliza kwa pamoja. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya, iliyoendeshwa kwa wiki 12. Vikundi vya usikilizaji viliundwa nchi nzima, kila kimoja na kiongozi wake na kitabu cha kufuatisha. Watu walisikiliza kipindi, wakazima redio, wakajadili, kisha wakaamua watende nini: kuchimba vyoo, kufyeka nyasi, kusafisha visima. Washiriki walifika kama milioni 2. Ukiitazama kwa jicho la msikilizaji wa leo, huo ulikuwa utaratibu wa ajabu. Serikali ilikiri hadharani kwamba kipindi hakijaisha mpaka waliosikia wamesema.

Lakini nisiufanye mzuri kuliko ulivyokuwa. Shangazi alikuwa msichana mdogo wakati ule, akikaa pembeni ya mkeka na wenzake. Anakumbuka kwamba walioongea walikuwa wanaume, na kwamba mwishoni mwenyekiti aligeuka akauliza, "Na akina mama mna swali?" Hawakuwa nalo. Vyoo vikachimbwa. Jibu la pamoja, kumbe, lilikuwa na wasemaji wake, na halikuwa la kila aliyekuwepo.

*

Mchezo ambao shangazi anaukumbuka kuliko yote ulianza Julai 1993: Twende na Wakati. Ulitengenezwa na RTD kwa msaada wa shirika la Umoja wa Mataifa la idadi ya watu, UNFPA, na wataalamu wa shirika la Marekani la Population Communications International. Njia waliyoifuata ilitoka mbali. Miaka ya 1970 mtayarishaji wa televisheni wa Mexico, Miguel Sabido, alikuwa ametunga tamthilia zenye aina tatu za wahusika: wanaofuata mwenendo unaopendekezwa, wanaoukataa, na wale walio katikati ambao hawajaamua. Msikilizaji anatarajiwa kusafiri na hao wa katikati. Kenya ilikuwa imekwisha kuijaribu kwenye redio tangu mwaka 1987 katika mchezo wa Ushikwapo Shikamana.

Mhusika aliyebaki vichwani mwa watu ni Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo cha barabara. Mkewe, Tunu, anaanza kama mke mvumilivu, mwisho anamwacha na kusimama kwa biashara yake mwenyewe. Mkwaju anapata UKIMWI na kufa. Ukisimuliwa hivi kwa ufupi unasikika kama hotuba ya mganga mkuu wa wilaya. Haukuwa hivyo. Shangazi anasema Mkwaju alikuwa na maneno. Alichekesha. Akiingia nyumbani usiku wa manane na uongo wake, ulitamani kumwamini hata wewe. Wanaume wa kijijini walimtetea kwa bidii, na baadhi yao wakaanza kuitwa Mkwaju na wake zao, mwanzoni kwa utani, baadaye bila utani.

Hiki ndicho kipimo changu cha tamthilia yoyote inayotaka kufundisha, na sijapata kipimo bora zaidi: je, mtu mbaya amepewa maneno mazuri? Akipewa, watu watabishana naye na wao kwa wao. Asipopewa, watanyamaza kwa adabu mpaka kipindi kiishe. Tamthilia nyingi za maadili za siku hizi, zile ambazo ukisikia dakika mbili tu unajua mfadhili anataka nini, zinaanguka hapo. Mlevi anaongea kama mlevi wa kwenye bango. Nesi anaongea kama kipeperushi. Hakuna wa kumjibu.

Mchezo ule pia una ukurasa ambao mwanafunzi wa historia hawezi kuuruka. Ili kupima kama unafaa, watafiti waliuacha usitangazwe eneo moja. Kituo cha Dodoma kiliendelea na vipindi vingine tangu 1993 hadi 1995, wakati maeneo mengine ya Bara yakiusikia mara mbili kwa wiki. Dodoma likawa eneo la kulinganishia. Matokeo yalichapishwa katika majarida ya kimataifa na bado yanasomeshwa. Mwaka 1994, asilimia 72 ya wasikilizaji waliohojiwa walisema wamechukua hatua fulani ya kujikinga na UKIMWI kwa sababu ya mchezo huo, na mwaka 1995 wakafika asilimia 82. Baada ya hapo ndipo Dodoma nao wakafunguliwa.

Nimesoma makala hizo na ninaheshimu kazi iliyofanyika. Hapakuwa na hakika kabla ya kupima; ndiyo maana walipima. Bado nabaki na mtu mmoja wa kufikirika kichwani, mwanamke wa Kondoa au Mpwapwa, ambaye jioni za miaka ile miwili aliwasha redio akasikia kipindi kingine, huku UKIMWI ukiendelea na kazi yake. Sisi wa kusini tulipewa Mkwaju. Yeye alipewa ukimya, na ukimya wake ndio uliothibitisha kwamba Mkwaju alifaa. Kama kuna ushahidi kwamba mchezo wa kuigiza si jambo la kupoteza muda, ni huo, na ni ushahidi uliolipiwa.

*

Leo redio imeingia ndani ya simu, na simu imeingia ndani ya sikio. Duka la vitabu liko mbali na Makote kuliko mnara wa simu. Riwaya, simulizi za mtandaoni, tamthilia na mahubiri vyote vinashuka kwa bando la shilingi chache. Wiki zile tatu za korosho tulisikiliza karibu kila aina, na hukumu zetu, yangu na ya wenzangu kibarazani, zilikuwa hizi.

Hadithi za kutisha zinaharibiwa na woga wa watengenezaji. Hawaamini kwamba neno peke yake linaweza kutisha, kwa hiyo wanamwaga radi, vinanda na milango inayolia kama ya majumba ya Ulaya. Usiku wa uwandani una upepo wake na ukimya wake. Msimuliaji mmoja aliyesoma polepole bila muziki wowote alitufanya tusindikizane kwenda chooni. Wale wa radi walituchekesha.

Hadithi za upelelezi ni ngumu kwa sikio kuliko watu wanavyodhani. Willy Gamba wa Elvis Musiba anafaa, kwa sababu anakimbia na kupigana, na ukikosa sentensi mbili unamkuta mbele bado anakimbia. Lakini Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, yule wa Mzimu wa Watu wa Kale, ni mtu wa kufikiri. Kidokezo kinapita mara moja, katikati ya mazungumzo ya kawaida. Kwenye karatasi ungerudi nyuma kurasa tano. Kwa sikio, mwenye mikono ya majivu ameachwa. Hadithi ya namna hiyo inahitaji mtu pembeni wa kumwuliza, "Hivi alisema ufunguo ulikuwa wapi?"

Utenzi, kinyume chake, ulizaliwa sikioni. Ndiyo maana sielewi wanaousoma kama taarifa ya habari. Utenzi ukiondolewa mahadhi unabaki na vina vinavyogongana tu. Jirani yetu, ambaye hakumaliza darasa la saba, alisikia beti tatu za msomaji mmoja akasema, "Huyu anahesabu." Alikuwa sahihi kabisa.

Riwaya za mapenzi zinavumilika zikisomwa na mtu mmoja asiyejaribu kuwa watu kumi. Mwanaume anayebana koo ili aongee kama msichana anatuondoa hadithini. Afadhali asome kwa sauti yake, atuachie sisi kazi ya kumwona msichana.

Kisha kuna sauti za mashine. Vitabu vingi sasa vinasomwa na programu, na kwa mbali huwezi kutofautisha. Ukikaa nayo unaiona. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, lakini si kila mara. Barabara ya kwenda Masasi ina mkazo wake, na kazi iliyofanywa barabara ina mkazo mwingine. Mtoto wa miaka mitano havichanganyi. Mashine iliyokuwa ikitusomea ilivichanganya, na shangazi, badala ya kukasirika, akaanza kuirekebisha kila ilipokosea, kwa upole, kama mtu anayefundisha mgeni. Haikumsikia. Ilirudia kosa lile lile mara tisa.

Na kuna aina moja ambayo hatukuipata tulipoitafuta jioni ile: hadithi ndefu ya Chimakonde, iliyosimuliwa na mtu anayejua kusimulia, pamoja na waitikiaji wake. Redio ya taifa ilijenga Kiswahili, na mimi ninayeandika makala hii kwa Kiswahili ni tunda la kazi hiyo, siilaumu. Lakini hadithi za usiku kucha za Chimakonde, Chiyao na Kimakua hazikuwa na kipindi chake.

*

Kufikia hapo nilikuwa nimeshaandika kichwani hitimisho la makala hii. Ningesema kwamba tangu 1906 kila mashine imemwondoa muitikiaji, kila mara watu wakamrudisha, na kwamba hedifoni ndiyo mashine ya kwanza kushinda, kwa sababu imemtenga msikilizaji na jirani yake. Ningewashauri vijana watoe hedifoni na kukaa kibarazani.

Shangazi ndiye aliyeniharibia hitimisho hilo. Jioni ya mwisho kabla sijaondoka tulikuwa wawili tu. Nilimwuliza walibishana nini nyumbani kwake enzi za Tunu na Mkwaju.

"Sisi hatukubishana," alisema. "Redio ilikuwa ya mume wangu. Aliwasha yeye, akazima yeye. Alikuwa anacheka na wenzake, mimi nipo mlangoni na chakula. Ungesema neno pale?"

"Kwa hiyo ulinyamaza?"

Alipasua korosho mbili kabla ya kujibu. "Nilinyamaza mdomo. Tunu alipoamua, na mimi niliamua. Wiki ya pili nilikwenda zahanati, nikachoma sindano ya uzazi wa mpango. Nilikuwa na watoto wanne, mwanangu, na huyu wa mwisho alitaka kuniua. Hakuna aliyejua. Hata mama yako hajui."

Sikujua niseme nini, nikasema pole, Shangazi. Akasema ya nini, hakuna aliyekufa.

Nimelifikiria hilo sana tangu siku ile. Hakuna mtafiti aliyemwuliza, hivyo hayumo katika asilimia 72 wala 82. Kwenye kikundi cha Mtu ni Afya angekuwa miongoni mwa akina mama wasio na swali. Lakini miongoni mwa wote waliokuwa pale nyumbani, aliyeujibu mchezo ni yeye, aliyesimama mlangoni na sahani. Wanaume waliokuwa wakibishana kwa sauti, kwa kadiri anavyojua, walibaki walivyokuwa.

Kwa hiyo siwezi tena kusema kwamba kibaraza ni chema na hedifoni ni mbaya. Katika nyumba ambayo redio ina mwenyewe, msichana mwenye simu na hedifoni anaweza kusikia Tunu wake bila kuomba ruhusa, akamjibu kwa wakati wake. Ninachoweza kusema ni kidogo zaidi, lakini nakiamini. Hadithi ya sauti ikisikilizwa inapasa kuacha nafasi. Nafasi ya kubishana kama mko wengi, nafasi ya kuamua kama uko peke yako. Waigizaji wa Twende na Wakati waliiacha, kwa kumpa Mkwaju maneno na kumpa Tunu muda wa kusitasita. Msomaji mzuri huiacha kwa kupumua mwisho wa sura. Silinda ya nta haikuwa nayo kwa sababu ilijaa mapema. Programu inayosoma kurasa 300 bila kumeza mate haina nayo kwa sababu haijui kwamba kuna mtu upande wa pili.

Na mengine ni juu yetu kuyapanga. Nilipopiga simu wiki iliyopita, shangazi aliniambia wamepata dawa. Wamemwajiri mjukuu wake wa miaka minane, kwa malipo ya korosho zilizovunjika. Anakaa karibu na sufuria mikono ikiwa safi, na shangazi akiinua kijiti, anasimamisha simu. Akikishusha, anaiachia. Riwaya ya saa sita sasa ina siku ya nne, na yule mama bado hajaamua kama atarudi kwa mumewe.

"Leo nimemwinulia kijiti mara kumi na moja," shangazi alisema. "Na mtoto naye ameanza kuuliza maswali."